Kijiko cha Plastiki Mtoni Msimbazi

Kijiko kilikuwa cha plastiki, kile cha kulia pilau kwenye shughuli. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa akichota tope ukingoni mwa Mto Msimbazi hakutaka chuma chochote kiguse sampuli yake. Nikamuuliza, dada, kulikoni? Akanieleza kwa upole kwamba anayetafuta metali hachoti kwa metali. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu kinaweza kuacha kromu na nikeli. Chekeche la waya wa shaba litaacha shaba. Hata chupa zake huoshwa kwa asidi ya naitriki kabla hazijaletwa mtoni.

Jibu lile halikuniacha. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapokea maji ya viwanda, karakana na vyoo vya jiji la Dar es Salaam, kisha unaingia baharini penye Daraja la Selander. Na katikati ya uchafu wote huo, kuna mtu anachunga chembe isidondoke kutoka kwenye kijiko.

Maabarani, tope hukaushwa na kupitishwa kwenye chekeche la nailoni lenye matundu ya maikromita 63, membamba kuliko nywele nyingi za kichwani. Mchanga unaobaki juu, mtaalamu hana haja nao. Anachokitaka ni unga laini uliopita chini, kwa sababu risasi, kadimiamu na zebaki hupenda kung'ang'ania chembe ndogo za mfinyanzi na mabaki ya mimea. Ndiyo maana, anasema, chupa ya maji haimtoshi. Maji ya asubuhi yanaeleza ya asubuhi. Kilichomwagwa usiku wa manane kimeshafika baharini. Tope la chini ndilo lenye hesabu ya miaka. Wala hasemi kila metali aionayo ni uchafu. Udongo wa Pugu una metali zake za asili, kwa hiyo hupima na alumini, akalinganisha, ndipo aseme mwanadamu ameongeza nini.

Nilipomuuliza madhara yako wapi, alinipeleka kwa konokono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanasayansi walilinganisha mikoko ya sehemu nne za Dar es Salaam. Tope la mikoko ya Msimbazi ndilo lililoonekana kuchafuliwa zaidi na metali, na konokono wanaoishi kwenye mikoko iliyochafuka walikuwa wadogo kuliko wenzao. Alilieleza hilo taratibu, kama anayesimulia habari za mgonjwa wa nyumbani kwao. Konokono hahami. Anakula palepale anapoishi.

Na watu je? Bondeni humo mchicha na matembele hulimwa, na masika mto unapofurika tope huingia hadi vyumbani mwa watu wanaoishi kando yake. Wakazi hulizoa kwa majembe na ndoo, watoto wakiwa pembeni. Risasi haiozi. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua ardhini haikuondoka kwa tangazo hilo. Na kwa mtoto, risasi huharibu ubongo unaokua.

Kinachomnyima dada huyu usingizi sasa ni uchimbaji. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, una kazi ya kuchimba na kutanua mto ili mafuriko yapungue. Ni kazi njema, naye anaiunga mkono. Waliozama na waliopoteza nyumba wanatosha. Ila tope jeusi lenye harufu ya yai viza limelala chini bila hewa, na metali zake zimefungwa na salfa. Likitolewa juani, hewa huifungua ile salfa, na kadimiamu na zinki huweza kuyeyuka upya kwenye maji ya mvua. Tope hilo litalazwa wapi? Litajaza kiwanja cha nani? Nani atakula mboga zitakazooteshwa juu yake?

Wakazi wa bondeni, ulizeni maswali hayo kwenye vikao vya mtaa, na muombe majibu ya maabara yabandikwe ubaoni. Nanyi mnaosimamia mradi, tope lipimwe kabla halijapakiwa kwenye lori.