Mzigo ukishavuka, watoto wangali mkekani

BUSIA. Saa moja kasoro robo jioni, upande wa Kenya wa mji huu wa mpakani, mama mmoja muuza maharage na njugu karanga anafunga gunia lake la mwisho kwa kamba ya katani. Simu yake ina laini mbili na zote zinalia. Mteja wa Bungoma anauliza kama anaweza kupata debe tatu usiku huu huu. Anamjibu kwamba haiwezekani, ni kesho asubuhi. Anaitia simu kwenye mfuko wa aproni, anapanda boda na kuondoka sokoni wakati wenzake ndio kwanza wanawasha taa.

Miaka miwili iliyopita asingemjibu mteja hivyo. Angempimia maharage, angemtafutia gari, na nyumbani angefika saa nne, watoto wakiwa wamelala na ugali wake umefunikwa kwa sahani.

Kilichombadilisha ni picha. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwagawia watoto karatasi na penseli za rangi akawaambia wachore familia zao. Binti yake wa kwanza, wakati huo ana miaka mitano, alimchora baba na spana yake, akamchora nyanya na fimbo yake, kaka mdogo, na dada wa kazi amembeba mtoto mchanga. Pembeni kabisa akachora gunia lenye macho na miguu miwili. Mwalimu alipouliza hicho ni nini, mtoto alijibu bila kusita: "Ni mama, anakwenda Uganda."

Waumini walicheka, na mama mwenyewe akacheka nao. Usiku hakupata usingizi. Alikuwa ameshamsikia kitinda mimba akimwita dada wa kazi "mama", akajifariji kwamba watoto wote wa umri ule huchanganya majina. Lakini huyu wa picha hakuchanganya kitu. Alichora alichokiona.

Yeyote anayeishi kwa kuvusha mzigo anajua saa zinavyopotea. Mtu anaamka saa kumi usiku ili awahi bei ya asubuhi ng'ambo. Anapima, anafunga, anatafuta mkokoteni au mmoja wa wale wenye baiskeli za magurudumu matatu, anasubiri, anavuka, anauza, anarudi tena. Ni kweli mambo yamerahisishwa. Tangu Februari 2018, wakati marais wa Kenya na Uganda walipozindua kituo cha pamoja hapa Busia, msafiri na mzigo wake hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja badala ya kusimama mara mbili. Na mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia, kinachojazwa pale pale mpakani, badala ya kuhangaika na makaratasi ya wafanyabiashara wakubwa.

Swali ambalo halijaulizwa sana ni hili: ile saa iliyookolewa forodhani ilikwenda wapi? Kwa mama huyu haikurudi nyumbani. Iliingia sokoni, ikawa safari ya pili ya siku.

Mwaka 2020 mpaka ulifungiwa wasafiri wa kawaida kwa sababu ya korona huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kupita. Wachuuzi wadogo walikaa majumbani mikono mitupu. Ulikuwa mwaka wa njaa, na hakuna anayeutamani. Hata hivyo wapo wanaokiri kwamba ndipo walipojua mtoto wao anaogopa nini usiku, au kwamba anajua kuhesabu mpaka hamsini. Mipaka ilipofunguliwa, ujuzi huo ulipotea tena katika vumbi la mikokoteni.

Katika nyumba hii, aliyeshika uzi usikatike ni nyanya. Alilelewa na walokole, watu wa ule uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930 miongoni mwa Waanglikana, ukavuka hadi Kigezi ambako mkutano mkubwa wa Kabale ulifanyika mwaka 1935, kisha ukaenea Uganda yote, Kenya, Tanganyika na Burundi. Ukitazama ramani, uamsho ule ulipita njia zile zile ambazo leo hupita viazi na maharage, na ulivuka mipaka ya wakoloni zamani sana kabla ya mtu kuzungumzia soko la pamoja. Walokole walikuwa na desturi mbili zilizodumu katika nyumba nyingi za eneo hili: sala ya jioni ya jamaa nzima, na kukiri kosa waziwazi mbele ya uliyemkosea, awe mkubwa au mdogo.

Desturi hii ya pili ndiyo ngumu. Jioni ya Jumatatu baada ya ile picha, mama alikaa mkekani akamwomba binti yake msamaha. Nyanya alinyamaza, akamwacha amalize. Mtoto alifikiri kidogo, kisha akasema, "Sawa, mama. Lakini gunia lilikuwa na macho mazuri."

Tangu siku ile, jioni ya nyumba hii ina mpango wake, na hauhitaji pesa. Mama huja na kikopo kimoja cha maharage yasiyochaguliwa. Watoto wawili wakubwa hukaa naye mkekani, wanatoa mawe na yaliyooza, wanatenga mekundu, ya madoadoa na ya njano. Mikono ikiwa kazini, masikio huwa wazi. Hapo ndipo hadithi inapoingia, na mama huyu amegundua kwamba Biblia imejaa watu wa kazi yake. Yupo Lidia wa kitabu cha Matendo, mwenyeji wa Thiatira, aliyeuza zambarau mbali na kwao huko Filipi. Alipobatizwa yeye, walibatizwa na watu wa nyumbani mwake. Wapo wale wafanyabiashara wa msafara wa ngamia waliomnunua Yusufu kwa ndugu zake, na hapo watoto humtazama mama yao kwa mashaka kidogo.

Lakini hadithi wanayoitaka kila mara ni ile ya Luka, ya Yesu akiwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walitoka Yerusalemu wakasafiri siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani na jamaa zao, na walipomkosa wakarudi; hata siku tatu zikapita ndipo wakamkuta hekaluni. Mvulana wa miaka mitano huuliza swali lile lile: "Mbona hawakuhesabu?" Mama naye hana jibu zuri zaidi ya kwamba msafara ulikuwa mkubwa na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemshika mkono.

Kitinda mimba hapewi maharage. Mwaka jana alijitia punje moja puani, ikavimba, na usiku huo uliishia zahanati. Sasa hupewa gunzi la mahindi, kifuniko cha sufuria na mwiko, naye hufanya fujo yake pembeni. Njugu pia ni marufuku kwake, maana mtoto mdogo hupaliwa nazo upesi, na mzazi anayeziuza kwa debe ndiye wa kwanza kusahau hilo.

Sarafu nazo zimepata kazi. Mama humwaga mezani chenji za siku, shilingi za Kenya na za Uganda, na watoto huzitenga. Binti wa miaka saba ameshajua kwamba shilingi ya Uganda ina sifuri nyingi lakini haina nguvu kama ya Kenya, na anaweza kubadilisha kichwani haraka kuliko baba yake. Sarafu moja huingia kwenye kopo la sadaka. Kopo hilo lilileta kesi mwezi wa nne, mvulana alipolikopa shilingi kumi za peremende kwa nia, alisema, ya kurudisha. Nyanya alikuwa hakimu. Hukumu ilikuwa kubeba kuni wiki moja, na mshtakiwa alikata rufaa kwa baba bila mafanikio.

Baba ni fundi wa pikipiki. Katika nyumba nyingi za mpakani, mambo ya watoto na sala huachiwa wanawake, na mwanamume huonekana kanisani siku ya ubatizo na siku ya mchango. Huyu alipewa zamu ya kusoma. Aliacha shule darasa la tano na husoma kwa kusitasita, kidole juu ya mstari. Mwanzoni aliona haya, hasa binti yake alipomsahihisha neno. Sasa watoto humsubiri, kwa sababu anaposoma polepole wanapata nafasi ya kuuliza. Mwenyewe anasema kusoma kwake kumenyooka, na risiti za vipuri sasa anaziandika bila kumwita mtu.

Kisha kuna kazi za shule. Mtaala wa umilisi wa Kenya unawataka watoto walete vifaa kutoka nyumbani, na taarifa huwa inatolewa saa mbili usiku: kesho mwalimu anataka udongo wa mfinyanzi. Wazazi wamelalamika, na wana haki, kwa maana duka la vitabu limeshafungwa na mama amechoka. Ila udongo wa mtoni ni bure. Usiku mmoja nyumba nzima ilifinyanga wanyama, waliobaki wakawa wa safina ya Nuhu, na safina ikawa sanduku la sabuni. Twiga alivunjika shingo. Ng'ombe wa baba alifanana na pikipiki.

Si kila familia ina nyanya, wala mume anayerudi saa mbili. Wapo wanawake wanaolea peke yao, ambao jioni ndiyo saa ya mauzo na hawana namna. Baadhi ya Wakatoliki hutegemea jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliziwekea mkazo tangu miaka ya 1970: jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, na mtoto wa aliyekwama mpakani husali na kula na wenzake. Na wapo mabinti wakubwa wa miaka kumi au kumi na mmoja wanaogeuzwa kuwa mama wa nyumba, wakikosa shule siku za soko. Hao hawahitaji kushauriwa juu ya hadithi na vifuniko vya soda. Wanahitaji mtu mzima abaki nao, au mahali salama pa watoto karibu na soko. Masoko mengi ya mpakani yamejengewa maghala na vyoo vya kulipia. Chumba cha watoto bado hukifikirii mpaka ukikute, na ni nadra kukikuta.

Mabadiliko ya mama huyu yamemgharimu. Mteja wa Bungoma alihama kwa miezi mitatu kabla ya kurejea. Wateja wa jioni ndio wenye haraka na hawabishani bei, kwa hiyo faida ya wiki ilishuka, na mwaka wa kwanza chama chake cha kuweka akiba kilimsubiri mara mbili kwa mchango. Alichofanya ni kuungana na mwenzake wa upande wa Uganda asiye na watoto wadogo. Huyo hupokea mzigo wa jioni wa wote wawili, naye humfungulia wa alfajiri. Hesabu zao wanaziandika kwenye daftari moja, na mpaka sasa hawajagombana, jambo ambalo sokoni linahesabiwa karibu na miujiza.

Jumapili ni jaribu lingine. Wanunuzi wa mbali huja siku hiyo kwa kuwa ndiyo siku yao ya mapumziko, na kibanda kilichofungwa ni pesa inayopita mbele ya macho. Yeye hufunga mpaka saa nane. Baada ya hapo hufungua, na baadhi ya wazee wa kanisa wamemsema kwa hilo. Nyanya hakumsema. Alisema tu kwamba mtoto aliyeshiba husali vizuri zaidi.

Mara moja kwa mwezi hulazimika kwenda Kampala kufuata vifungashio na kulala huko, wakati mwingine siku tatu. Hapo huweka vifuniko vya soda dirishani, kimoja kwa kila usiku. Baada ya sala, mtoto mmoja huondoa kifuniko kimoja, na kikibaki kitupu kidirisha, mama yuko njiani. Humpigia nyanya simu saa mbili kamili, watoto wanamwimbia wimbo wa shule ya Jumapili, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiganda, kisha kila mmoja anamwambia jambo moja la siku hiyo.

Safari ya mwezi uliopita ilikuwa ya usiku tatu. Usiku wa kwanza zamu ilikuwa ya mvulana. Aliondoa vifuniko viwili kwa mpigo, akavificha mgongoni, akasema sasa mama atakuja kesho. Nyanya alimnyoshea kiganja. Akangoja mpaka cha pili kiliporudishwa, akakipanga tena dirishani, kisha akamwachia mvulana kile cha kwanza alale nacho.