Siku Moja Mombasa

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Mombasa, na hasa ninyi walimu mnaotaka kuwapeleka watoto wa shule ya Jumapili. Basi twawaletea habari hizo. Lakini twasema mapema kwamba sizo tulizokusudia kuziandika. Tulikwenda kuutazama mji, tukarudi na jambo jingine, nalo latuhusu sisi wa huku Tanga kuliko watu wa Mombasa.

Tulikuwa watu kumi na wawili: walimu sita, vijana wanne wa kwaya, na akina bibi wawili. Mmoja wa bibi hao amekwisha kupita miaka themanini, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina lake. Baadhi yetu tulinong'onezana kwamba atachoka njiani na kutuchelewesha. Mjukuu wake wa kike, ambaye ni mmoja wa waimbaji, aliahidi kumshika mkono siku nzima, ndipo tukanyamaza.

Tuliondoka Tanga saa tisa ya usiku, maana aendaye na kurudi siku moja hana budi kuamka mapema. Njia yote haizidi sana maili 100, na barabara ni ya lami. Kulipokuwa kukipambazuka tulikuwa mpakani Horohoro, na ng'ambo yake ni Lunga Lunga, nchi ya Kenya. Kila mtu alitoa hati yake ya safari, ikatazamwa, ikapigwa muhuri. Mpaka huu ulipangwa na Waingereza na Wadachi mwaka 1886, walipokubaliana mstari uanzie penye mlango wa mto Umba na kupanda bara hata Ziwa la Viktoria. Wadigo hawakuulizwa, wakajikuta nusu yao huku na nusu kule, wakiendelea kuoana na kuzikana kama kwanza. Mwanamke mmoja Mdigo mwenye kapu la samaki alivuka pamoja nasi, akatuambia anakwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua. Kwake yeye safari hiyo haikuwa ya nchi za nje.

Saa mbili na nusu za asubuhi tukafika Likoni. Yawapasa kujua ya kuwa Mombasa yenyewe ni kisiwa, na atokaye kusini kwa njia hiyo huvuka kwa feri. Waendao kwa miguu hawalipi kitu. Watu ni wengi ajabu: mafundi, wanafunzi, wachuuzi, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wakishuka mteremko kwa pamoja kama maji ya mvua. Tuliwaamuru vijana wetu washikane mikono. Maji yenyewe ni membamba, na jahazi la zamani lingeyavuka upesi; kungoja zamu ndiko kulikotula wakati.

Ngome ya Yesu tuliitazama kwa muda wa saa moja tu, ingawa ingefaa siku nzima. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na kuta zake ni nene hata joto la jua halipiti. Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696 hata 1698, karibu miaka mitatu, na wengi waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Sasa ni nyumba ya makumbusho. Kijana wetu mmoja aliuliza kwa nini ngome yenye jina la Bwana wetu ilikuwa na mizinga mingi namna ile. Hakuna mwalimu aliyemjibu vema. Tulimweleza habari za mwaka 1631, jinsi mfalme Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, alivyoonewa na wakubwa wa ngome hata akaiacha imani, akaishika ngome na kuwaua Wareno pamoja na Wakristo Waafrika waliokuwa nao. Alisikiliza, akasema, "Basi swali langu bado liko palepale."

Katika Mji wa Kale tulipita Ndia Kuu na vichochoro vyake, tukala mahamri kwa mbaazi. Hapo walimu walifurahi kusikia Kimvita kikisemwa na wenyewe. Msisahau kwamba mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa Kiswahili cha shule na vitabu ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928. Mzee mmoja muuza kahawa, tulipomkumbusha jambo hilo, alicheka akasema kwamba mgeni alikaribishwa nyumbani akapewa na kitanda. Tulipita pia penye kanisa kuu lililomalizika mwaka 1905 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, nalo lina kuba na matao kama jengo la Kiarabu. Lakini hatukukaa, maana yule bibi alikuwa ametuuliza mara tatu, "Mwalimu, kengele tutaiona saa ngapi?"

Tulivuka basi daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980 mahali pa lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931, tukawa tena upande wa bara. Kwanza tulikwenda penye ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf, kando ya maji, mkabala wa Mji wa Kale. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua binti, akafa kwa homa, na mtoto naye akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, hana nguvu za kusimama. Alipopona akaandika barua Uingereza kuwaambia waliomtuma kwamba kaburi lile walihesabu kuwa mwanzo wa kazi wala si mwisho wake. Sisi wa Tanga tuna sababu yetu ya kumkumbuka: mwaka 1848, na tena 1852, alipanda milima yetu ya Usambara hata Vuga kwa mfalme Kimweri, kuomba mahali pa kufundisha. Tuliomba pale, tukaimba wimbo mmoja, tukaenda.

Kutoka hapo hata Kengeleni si mbali. Ni njia panda yenye magari mengi na kelele, na wengi wapitao hapo kila siku hawainui macho. Jina la mahali latokana na kengele iliyotundikwa pale. Hii ndiyo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875, na jina lake ni la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kwa shauri lililomfanya Sultani Barghash atie sahihi mwaka 1873 na kulifunga soko la watumwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini. Na wale waliookolewa, ambao kwao kulikuwa mbali bara na njia ya kurudi imejaa wateka watu, walihitaji mahali pa kukaa. Kabla mwaka 1875 haujaisha, zaidi ya 200 walikuwa wameletwa hapa. Kengele ilikuwa ya kuwaonya: ikilia, watu wakimbie, kwa kuwa wateka watu wanakuja.

Waliowapokea na kuwafundisha wengi wao walikuwa Waafrika wenzao, waliokombolewa utotoni, wakapelekwa India na kusomeshwa karibu na Nasik, ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Mmoja wao, William Jones, alifanywa shemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington, akafuatana naye katika safari ya Uganda. Askofu alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia hata Rabai, mwanzo wa 1886, wakiwa na bendera yenye neno Ikabodi. Twaandika jambo hili kwa sababu watoto wetu hujifunza jina la Askofu, na jina la Jones hawalisikii.

Wala tusiwapambie habari. Maisha ya Frere Town hayakuwa mepesi. Msimamizi mmoja wa misheni aliwapiga watu viboko vikali hata mambo yake yakachunguzwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1881. Na huko Rabai, watoro waliokimbilia misheni walidaiwa na mabwana wao miaka mingi, mpaka Januari 1889, hapo kampuni ya Waingereza ilipolipa fedha, na watu zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru.

Tulikuwa tukiwaeleza vijana haya, tukitoa vidole kuionyesha kengele kama walimu wafanyavyo, tulipoona kwamba yule bibi amejitenga. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, na mjukuu wake amechuchumaa mbele yake. Tukadhani joto limemshinda, tukamletea maji. Hakuyataka. Akasema, "Mwalimu, hao unaowataja ni wa kwetu."

Akatusimulia. Bibi mzaa baba yake alitekwa akiwa mtoto mdogo, upande wa Nyasa, hata jina la kijiji chake hakulijua. Jahazi lilikamatwa na manowari, akaletwa hapa, akakua, akaolewa na fundi seremala wa misheni, kisha wakahamia upande wetu kutafuta kazi. Huko walisema tu kwamba wametoka Mombasa. Baba yake alimwambia siri hii siku alipokaribia kufa, akamwapisha asiitoe nje. Ameishika miaka hamsini na zaidi.

"Kwa nini waitoa leo, Bibi?" tukamuuliza.

Akamtazama mjukuu wake. "Kwa sababu watu wameitoa kabla yangu."

Hapo tulielewa, na uso wetu ulishuka. Wengi wa usharika wetu mnakumbuka ya kuwa mwaka jana binti huyu alikuja kuposwa, na mahari ikaanza kuzungumzwa, halafu posa ikarudishwa. Hadharani hapakutajwa sababu. Lakini katika baraza letu sababu ilijulikana: wazee wa kijana walikuwa wamesikia mahali kwamba ukoo wa binti si ukoo wa waungwana. Neno lenyewe walilolitumia hatuliandiki. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwamo barazani siku hiyo. Tulisema kwamba mambo ya ndoa ni ya wazazi, tukaendelea na hesabu ya mabati ya kanisa. Hakuna aliyesimama. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Kenya mwaka 1907, na kwetu Tanganyika mwaka 1922, nasi bado tuliuacha ukae mezani petu katikati ya sala ya kufungua na sala ya kufunga.

Tulimwomba Bibi msamaha palepale, mbele ya vijana. Hakuupokea kwa upesi. Alisema, "Mwalimu, mimi sikuja kwa ajili yenu. Nilikuja huyu aione kengele, ajue kwamba kwao ni mahali, wala si tusi."

Baadaye tulikwenda kanisa la Emmanuel, la Frere Town. Mzee mmoja wa kanisa alitupokea. Alipoambiwa habari za Bibi hakustaajabu hata kidogo. Alisema kwamba yeye mwenyewe ni mjukuu wa watu wa namna hiyo, na jirani zake vivyo hivyo, na wageni wa aina hii huja mara kwa mara, wengine kutoka mbali. Alimuuliza jina la bibi yake. Bibi akalijua la ubatizo tu. Mzee akatikisa kichwa, akasema majina hayo ya ubatizo yamefanana mno, na wengi waliitwa hivyo. Basi hatukupata zaidi. Lakini wawili hao walikaa katika benchi la nyuma kwa muda wa saa nzima wakizungumza, nasi tukawangoja nje chini ya mti, bila kuangalia saa.

Kwa hiyo soko la Kongowea hatukuliona, wala zile pembe kubwa za barabara ya Moi, nao walioagiza nguo watusamehe. Saa kumi na nusu tulivuka Likoni tena. Njiani vijana hawakuimba kama asubuhi. Binti yule alilala, kichwa juu ya bega la bibi yake. Mpakani ofisa alimuuliza Bibi alikwenda Mombasa kwa shughuli gani, naye akajibu, "Nilikwenda kwetu." Ofisa akaitazama hati ya Tanzania, akamtazama yeye, akapiga muhuri. Tulifika Tanga yapata saa tano ya usiku.

Habari hii twaichapa kwa ruhusa ya Bibi na ya mjukuu wake. Tuliwasomea yote kabla ya kuipeleka mtamboni, na Bibi akatuamuru tuongeze ile sehemu ya baraza, ambayo sisi tulikuwa tumeiacha. Wazee wa kijana yule wamealikwa katika baraza la mwezi ujao, na jambo litazungumzwa mbele yao, sisi tukianza kwa kusema kosa letu.

Walimu wanaotaka kwenda na watoto baada ya mavuno watuletee majina kabla ya mwisho wa mwezi. Kila mtu awe na hati yake ya safari, chakula cha njiani, na kofia. Waambieni watoto wawaulize wazee wao majina ya babu na bibi zao kabla ya siku hiyo, wayaandike, waje nayo.