Suruali ya Mvua ya Pikipiki: Kagua Haya Kabla Hujatoa Hela

Leo tunaweka pembeni mbolea na mbegu, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakinunua haraka haraka wingu likishatanda: suruali ya kuvaa kwenye pikipiki wakati wa mvua.

Utaniuliza, afisa ugani na suruali wapi na wapi? Jibu ni jepesi. Kijana anayelima kibiashara anaishi juu ya pikipiki. Asubuhi yuko kwenye shamba la viazi, mchana anafuata dawa mjini, jioni anakimbizana na mnunuzi wa parachichi. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua inaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na ukifika Tukuyu mvua ya mwaka inapita milimita 2,000. Hiyo hiyo ndiyo miezi ya kupanda, kupalilia na kupulizia dawa. Ukivunjika goti Januari, shamba halikusubiri upone. Vibarua utapata, lakini jicho la mwenye shamba haliajiriwi.

Kazi ni mbili, siyo moja

Shika hili kwanza: kuzuia maji ni kazi moja, kukulinda ukianguka ni kazi nyingine. Suruali nyingi za mvua za madukani zinafanya ile ya kwanza tu. Ukiteleza kwenye kokoto, plastiki nyembamba inachanika papo hapo, na kinachofuata ni ngozi yako. Kwa upande mwingine, zipo suruali nzito zenye vikinga magoti ambazo maji yanapita kama kwenye chekecheo. Muuzaji akikwambia "hii ni ya pikipiki, bosi", muulize: ya mvua, ya kuanguka, au ya vyote viwili?

Na usidhani kulowa ni usumbufu tu. Maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, na pikipiki ikiwa kwenye mwendo upepo unaongeza baridi. Kwa baridi ya Njombe, miguu ikishakufa ganzi unachelewa kukanyaga breki. Kwa hiyo kazi zote mbili zinalinda maisha.

Upande wa kukulinda

*Magoti na nyonga.* Tafuta vikinga vyenye alama ya EN 1621-1. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha vikinga vya viungo kwa waendesha pikipiki, na kina daraja la 1 na la 2. Daraja la 2 linapunguza zaidi nguvu ya pigo. Sponji laini, ambayo ukiibonyeza kidole kinagusa upande wa pili, siyo kikinga. Hiyo ni pambo.

*Kitambaa.* Nailoni nzito kama Cordura inastahimili msuguano kuliko polista nyepesi. Suruali zilizopimwa kwa kipimo cha EN 17092 zina herufi kwenye lebo: AAA ndiyo ya juu, inafuata AA, kisha A. AAA mara nyingi ni nzito na ina joto. Kwa barabara zetu za udongo na mwendo wa kawaida, AA ni chaguo zuri la katikati.

*Jaribu ukiwa umekaa.* Usijipime umesimama mbele ya kioo. Panda pikipiki, kunja magoti, shika usukani. Kikinga kikikimbilia kwenye paja au kikateremka kwenye ugoko, hiyo suruali siyo saizi yako, hata kama bei inavutia.

Upande wa kuzuia maji

Hapa kuna aina tatu.

1. *Ya plastiki au PVC, ya kuvaa juu.* Ni rahisi, na maji hayapiti. Ubaya wake ni kwamba jasho nalo halitoki. Ukiwa Kilombero kwenye joto, utafika umelowa kutokea ndani.

2. *Yenye utando ndani, chini ya kitambaa cha nje.* Wewe unabaki mkavu, lakini kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na kinachukua muda kukauka.

3. *Yenye utando uliogandishwa kwenye kitambaa cha nje.* Hii hainywi maji mengi na inakauka haraka. Utando maarufu ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Robert Gore wa Marekani mwaka 1969. Una vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Bei yake ndiyo shughuli.

Kwenye lebo unaweza kukuta namba kama milimita 10,000. Maana yake kitambaa kilihimili uzito wa maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 kabla ya kuanza kupenyeza. Lakini hapo kimepimwa kitambaa, mishono haihusiki. Suruali nyingi zinaanzia kuvuja kwenye msamba na makalio, maana maji yanatuama kwenye siti na wewe umeyakalia kwa uzito wako wote. Geuza suruali nje ndani, uangalie kama mishono yote imezibwa kwa utepe. Ukifika nyumbani ijaribu: mimina maji kidogo sehemu ya makalio, subiri dakika 10, kisha pitisha mkono upande wa pili.

Miguuni

Suruali iwe juu ya gambuti, isiingie ndani. Ukiichomeka, maji yote yanateremka mpaka kwenye soksi. Iwe ndefu kiasi cha kufunika buti hata ukiwa umekaa, na iwe na kifungio cha kuibana, isipepee ikanaswa na mnyororo. Upande wa ekzosi kuwa makini zaidi. Plastiki na nailoni zinayeyuka kwenye chuma cha moto, na zikigusa ngozi zinaganda nayo.

Haya ni yetu wakulima

Usipulizie dawa ukiwa na suruali ya pikipiki. Viuatilifu vinabaki kwenye kitambaa, halafu unakikalia na jasho saa nzima, kisha unafika nyumbani mtoto anakukumbatia miguu. Nguo ya kupulizia ibaki ya kupulizia, na ifuliwe peke yake.

Pia matope hayasafiri yenyewe. Vimelea vya mnyauko bakteria wa viazi vinaishi kwenye udongo, na udongo unapanda kwenye suruali, gambuti na matairi yako. Osha vyote hivyo kabla hujaingia shamba lingine.

Ukifua, tumia sabuni ya kawaida kidogo na maji yasiyo ya moto, anika kivulini, usipige pasi. Jua la kutwa linakausha plastiki mpaka inapasuka.

Sasa ununue ipi?

Piga hesabu kama unavyofanya kwenye pembejeo: gawa bei kwa misimu utakayoitumia. Ya bei ya chini inayochanika kila msimu inaweza kukugharimu kuliko ya bei kubwa inayokaa misimu minne. Ukienda mtumbani, angalia kama utepe wa mishono umebanduka au utando wa ndani unavuka kama ngozi ya nyoka. Ukiona hivyo, iache.

Kwa wengi wetu ushauri wangu ni vipande viwili: suruali ngumu yenye vikinga ndani, na suruali pana ya mvua juu yake. Jua likitoka unavua ya juu tu, na ikichanika unabadilisha hiyo peke yake. Kama hela haitoshi msimu huu, anza na vikinga magoti vya kufunga kwa mikanda juu ya jinzi, kisha vaa suruali ya mvua ya kawaida. Kikinga kisikosekane.

Na kofia ngumu ibaki kichwani, mwendo uwe wa taratibu kwenye utelezi. Suruali inapunguza maumivu, haizuii kuanguka. Kazi njema, na msimu mwema.