Kompyuta ya Nyumbani: Mfumo Wenye Vituo au Usiolala Njiani?

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya mfumo endeshi wake wa Windows 10. Tangu siku hiyo familia nyingi za wafanyakazi mijini zimejikuta na kompyuta ambazo bado ni nzima, lakini mfumo wake haupati tena kinga mpya dhidi ya wezi wa mitandaoni, ila kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Mashine nyingi kati ya hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwishatumika ng'ambo, na hazikidhi masharti ya Windows 11. Ndipo mafundi wengine wanapowashauri wenye nyumba wahamie Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland.

Ushauri huo ni mzuri. Lakini, ndugu msomaji, Linux si kitu kimoja. Ni ukoo mzima wa mifumo. Swali ambalo fundi mwenye haraka husahau kukuuliza ni hili: wataka mfumo wenye vituo, au mfumo usiolala njiani?

Mkazi wa Tabora hana haja ya kwenda mbali ili kulielewa swali hilo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani ilifika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika hapo Novemba. Msafara ulipofika ulitua. Mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa, ikafungwa upya. Wapagazi wengine walilipwa haki yao wakarudi makwao, wengine wakaajiriwa. Na jambo lililokuwa na thamani kuliko yote, habari za njia ya mbele zilisikilizwa kabla ya kirangozi kuondoka. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipoifunga njia ya Ujiji, Stanley alikuwa bado Tabora, na hivyo aliweza kuzunguka kwa kusini.

Mifumo yenye vituo huenda kwa mtindo huo. Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Ubuntu, ambao jina lake Mswahili yeyote hulitambua mara moja kuwa ndugu wa neno lake "utu", ulianza mwaka 2004. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutoa toleo la huduma ndefu ambalo hutunzwa kwa miaka mitano. Linux Mint, unaopendwa na watu waliozoea Windows, hujengwa juu ya matoleo hayo. Kati ya kituo na kituo sura ya programu haibadiliki sana. Kinachokuja ni viraka vya usalama na marekebisho ya makosa, basi.

Mifumo isiyolala njiani, kama Arch ulioanza mwaka 2002, au openSUSE Tumbleweed, haina matoleo ya namna hiyo. Programu mpya ikikwisha kutengenezwa na kupita majaribio, hupelekwa moja kwa moja kwa watumiaji. Unauweka mfumo mara moja, kisha unausasisha maisha yake yote. Mtu mwenye kompyuta iliyotoka kiwandani juzi hufaidika sana, kwa kuwa vifaa vipya hudai programu mpya. Kijana anayesomea kazi hii naye atajifunza mengi, hasa usiku ule mashine itakapokataa kuwaka.

Vifurushi na umeme

Hapa ndipo hesabu ya nyumba inapoingia. Mfumo usiolala hula kifurushi cha intaneti mara kwa mara, na mamia ya megabaiti kwa mkupuo mmoja si ajabu. Ukiuacha miezi mitatu kwa kukosa fedha, deni la masasisho hulimbikizana, na siku ya kulilipa ndiyo siku ya hatari. Wala huwezi kulipa kidogo kidogo: watengenezaji wa Arch wanasema wazi kwamba usasishaji wa nusunusu si jukumu lao. Tena umeme ukikatika wakati kiini cha mfumo kinabadilishwa, kompyuta isiyo na betri nzima inaweza isiwake tena. Hatari hiyo ipo katika mifumo yote, lakini anayevuka mto kila wiki hukutana na mamba mara nyingi zaidi.

Mifano haikosekani. Agosti 2022 sasisho la programu inayowasha kompyuta liliwaacha baadhi ya watumiaji wa Arch na wa mifumo inayotokana nayo na mashine zisizowaka. Machi 2024 lilitokea kubwa zaidi. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde hivi; alipochunguza alikuta mlango wa siri umefichwa ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz. Mlango huo ulikuwa umekwisha kuingia Tumbleweed, na katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Matoleo ya vituo ya Debian na Ubuntu hayakuguswa. Wao walikuwa bado Unyanyembe.

Hata wafasiri huhitaji kituo. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo hufanywa juu ya toleo lililosimama. Maneno yakibadilika kila wiki, mfasiri hukimbiza kivuli.

Kwa maoni yangu, basi, kompyuta ambayo baba huandikia taarifa za kazi, mama huwekea hesabu za biashara, na binti hujazia fomu za mkopo wa chuo, iwekewe mfumo wenye vituo. Lakini usidhani kwamba kituo ni mahali pa kuhamia. Toleo lililokwisha muda wake halina kinga, kama Windows 10 uliyoikimbia, na nimeona steshenari zinazotumia matoleo ya Ubuntu yaliyoachwa miaka mingi, mwenye duka akijivunia kuwa hayamsumbui.

Kabla ya kukubali, mwombe fundi akuwashie mfumo huo kutoka katika flashi bila kugusa diski ya mashine, ujaribu printa, sauti na intaneti. Nakili mafaili yako yote mahali pengine. Kisha muulize toleo analokuwekea litahudumiwa hadi mwezi gani na mwaka gani, uandike jibu lake kwenye karatasi ubandike chini ya kompyuta. Akishindwa kuitaja tarehe hiyo, mwambie asifute kitu kwanza.