Zifahamu Namba za Modeli za Mashine za Umeme Kabla ya Kununua Nje ya Nchi

Kigwa, Tabora – Kata ya Kigwa, wilayani Uyui, ipo kwenye njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliopita njia hiyo walijua kuwa jina la bidhaa lilikuwa na uzito wake. Merikani ilikuwa nguo ya pamba yenye asili ya Marekani, kaniki ilikuwa nguo iliyotiwa nili, na shanga zilizopokelewa katika nchi moja ziliweza kukataliwa katika nchi iliyofuata. Aliyekosea alibaki na mzigo usionunulika.

Leo hii, seremala au mchomeleaji anayenunua drili, grenda au msumeno wa umeme kutoka nchi nyingine anakabiliwa na jambo linalofanana na hilo. Jina la bidhaa sasa ni namba ya modeli, na kutoielewa kunaweza kumgharimu fedha, mashine na hata usalama wake.

Namba ya modeli ni nini?

Namba ya modeli hutaja aina ya mashine, tofauti na namba ya utambulisho, ambayo hutofautiana kwa kila mashine moja moja. Kwa baadhi ya watengenezaji, namba ya modeli huwa na sehemu tatu: herufi za mwanzo zinazoonesha aina ya mashine, tarakimu za katikati zinazoeleza uwezo au ukubwa, na herufi za mwisho zinazoonesha soko lililokusudiwa au vifaa vilivyomo kwenye boksi.

Kwa mfano, grenda ya Bosch yenye maandishi GWS 750-115 ina nguvu ya wati 750 na hutumia diski ya milimita 115. Kwa baadhi ya mashine za DeWalt zinazouzwa Uingereza, herufi GB mwishoni humaanisha mashine ya volti 230, wakati LX humaanisha mashine ya volti 110 inayotumika kwenye maeneo ya ujenzi ya huko. Mashine hizo mbili zinaweza kufanana kwa umbo na kwa rangi, lakini ni moja tu inayofaa kuchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania.

Kwa nini volti ni muhimu?

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, yaani Hz 50. Marekani hutumia volti 120 na Hz 60, na Japani hutumia volti 100. Kwa sababu hiyo, mashine zilizotumika kutoka nchi hizo zinahitaji uangalifu mkubwa.

Grenda ya volti 110 ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230, mota yake huzunguka kwa kasi kupita kiasi na inaweza kuungua kwa muda mfupi. Hatari kubwa zaidi ipo kwenye diski. Diski nyingi za milimita 115 zimeandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika. Zikizidishiwa kasi zinaweza kupasuka na kumjeruhi fundi. Kubadilisha plagi pekee hakubadilishi volti ya mashine.

Mashine za betri

Kwa mashine za betri, maandishi "20V Max" na "18V" yanaweza kumaanisha uwezo uleule. Betri ya seli tano hufikia takriban volti 20 inapojaa chaji, lakini wastani wake wakati wa kazi ni volti 18. Hivyo, si busara kulipa zaidi kwa sababu ya tarakimu hiyo pekee. Aidha, kwenye modeli nyingi za Makita, herufi Z mwishoni huashiria mashine inayouzwa bila betri wala chaja. Mnunuzi asiyelijua hilo hudhani amepata bei nafuu, kumbe gharama kubwa bado inamsubiri. Chaja nayo ikaguliwe volti zake.

Ushuru na ubora

Baadhi ya wananchi hudhani kuwa kila kinachonunuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakitozwi ushuru. Cheti Rahisi cha Uasili, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya Dola za Marekani 2,000, ni kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya. Drili iliyotengenezwa China na kununuliwa Kampala haipati uasili wa Uganda kwa kuuzwa huko. Masuala ya ushuru huulizwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ya viwango Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani (FCC).

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kusoma kibati kilichobandikwa kwenye mashine yenyewe, si boksi pekee, na kuhakikisha kimeandikwa volti 220 hadi 240 na Hz 50. Namba ya modeli iliyo kwenye kibati ilingane na ya kwenye boksi na risiti, hadi herufi ya mwisho. Anayeagiza kwa simu aombe picha ya kibati hicho kabla ya kutuma fedha. Vilevile, aulize kama waranti inatambuliwa nchini Tanzania, na atunze risiti yake.