Stovu Hula Hewa Kuliko Mafuta

Katika vyumba vya kupanga vya mtaa wa Githurai 45, pembeni mwa Nairobi, mafuta ya taa huogopwa kwa kuchoma nyumba. Hofu hiyo ina msingi, ila imefunika hatari nyingine. Mafuta haya kwa sehemu kubwa ni alkani, yaani minyororo ya kaboni na haidrojeni tupu, mingi ikiwa na kaboni 10 hadi 16. Minyororo mirefu hivyo haivukizi upesi: mafuta hupaswa kufika nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto wa kiberiti, ilhali petroli hushika hata penye baridi kali. Ndiyo maana stovu ina utambi. Kinachowaka ni mvuke, na mvuke hauwaki bila hewa.

Chukua dodekani, alkani yenye kaboni 12. Molekuli zake 2 huhitaji molekuli 37 za oksijeni ili ziungue zote. Kwa uzito, kilo moja ya mafuta hutaka kilo 15 hivi za hewa. Robo lita, gramu 200 tu, humaliza oksijeni ya kilo 3 za hewa, na katika mwinuko wa Githurai hizo ni takriban mita 3 za ujazo. Chumba cha futi 10 kwa 10, dari futi 8, kina mita 23 hivi, kabla hujaondoa kitanda, kabati na watu. Maharagwe yakitokota jioni nzima, mlango umefungwa na kitambaa kimesukumwa chini yake kwa baridi ya Julai, mwali huanza kupungukiwa. Kaboni isiyopata oksijeni ya kutosha hutoka kama masizi kwenye sufuria, na nyingine kama kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Wapo watakaosema wangeinusa. Harufu ya stovu ni ya mafuta yasiyoungua. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Wengine watasema kinachoua ni mkaa. Kweli, mkaa huitoa kwa wingi zaidi, lakini hilo haliifanyi stovu kuwa salama. Hata gesi ya mtungi, waliyoikimbilia wengi, ni alkani pia na hudai hewa yake. Hoja nzito ni kwamba dirisha wazi usiku humkaribisha mwizi, na hapo mpangaji halaumiki. Ila matundu yenye wavu juu ya mlango hayapitishi mwizi, na ni kazi ya mwenye ploti kuyaacha kabla ya kupiga plasta. Nawe mpangaji, sufuria ikianza kushika masizi na kichwa kikauma, zima stovu, fungua mlango, toa watoto nje kwanza.