Kuweka Sarafu Mpya Katika Programu ya Uhasibu

Kila programu ya uhasibu husimama juu ya sarafu moja ambayo vitabu vyote hufungwa kwayo. Hiyo ndiyo sarafu ya msingi. Sarafu nyingine huongezwa baadaye, na kila muamala wa fedha za kigeni hutunzwa kwa namna mbili: kiasi chenyewe kilichoandikwa kwenye ankara, na thamani yake kwa sarafu ya msingi siku ile. Sarafu ya msingi ichaguliwe kwa utulivu, kwa sababu programu nyingi hazikubali ibadilishwe mara muamala wa kwanza ukishaingia. Aliyekosea hapo hulazimika kufungua vitabu vipya na kuhamisha masalio yote.

Mwenye biashara haichagui kwa mapenzi yake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IAS 21 hutazama biashara inauza, inanunua na inalipa mishahara kwa sarafu ipi zaidi. Kwa duka la Kariakoo jibu ni shilingi, hata kama mzigo wote unatoka Dubai au Guangzhou. Tena tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kwa mfanyabiashara wa Goma au Lubumbashi, ambako dola na faranga hupokewa kaunta moja, jibu haliji haraka, na hapo ushauri wa mhasibu una thamani kuliko programu yoyote.

Sarafu nyingi za dunia zimo ndani ya programu tangu inaponunuliwa. Zinatokana na orodha ya ISO 4217, inayoipa kila sarafu msimbo wa herufi tatu. Kwa kawaida mbili za kwanza ni za nchi na ya tatu ni ya jina la fedha: TZS, KES, CDF. Sarafu ya kutengeneza mwenyewe huhitajika pale orodha inapokosa kitu. Zimbabwe ilipoanzisha ZiG mwezi Aprili 2024, makampuni yalianza kutoza kwa fedha hiyo kabla msimbo wake, ZWG, haujaingia kwenye orodha. Zipo pia fedha za kijamii ambazo haziingii humo kabisa, kama Bangla-Pesa iliyoanzishwa mwaka 2013 katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, vocha ambazo wafanyabiashara wadogo walipokezana na kuzihesabu sawasawa na shilingi ya Kenya.

Fomu yenyewe ni fupi. Katika Tally, programu iliyozoeleka katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, mtumiaji hujaza alama ya fedha, jina lake kamili, msimbo, idadi ya tarakimu baada ya nukta, neno la sehemu ndogo kama senti, na iwapo alama ikae kabla au baada ya kiasi. GnuCash, programu ya bure, haikubali sarafu nje ya ISO. Anayeihitaji huisajili upande wa hisa na bidhaa, kisha huipa bei kama anavyoipa hisa. Msimbo wa kubuni usigongane na uliopo. Herufi X mwanzoni si salama moja kwa moja, kwa kuwa XAU ni dhahabu, XAF ni faranga ya Afrika ya Kati, na XTS imetengwa kwa majaribio.

Kisanduku kinachojazwa ovyo kuliko vyote ni cha desimali. Shilingi za Tanzania na Kenya zina tarakimu mbili kwenye orodha. Shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina hata moja. Riali ya Omani ina tatu, kwa kuwa riali moja ni baisa 1,000. Muuzaji wa Muscat aliyetoza riali 12.375 kwenye programu iliyowekwa tarakimu mbili ataona 12.38. Tofauti ni baisa tano, na hakuna mteja atakayelalamika. Mistari 400 ya namna hiyo hufanya riali mbili zisizooana na taarifa ya benki, na mtu wa hesabu atakesha akizitafuta kwenye ankara moja moja bila kuziona, kwa sababu zimetawanyika kwenye zote. Idadi hii iwekwe sawa kabla ya muamala wa kwanza. Kuirekebisha baadaye hakurudishi kilichokwisha kukatwa.

Kinachofuata ni kiwango cha kubadilishia, na hapa mfano wa tarakimu unasaidia. Tuseme kampuni ya Dar es Salaam imenunua mzigo wa dola 4,000 kwa mkopo, dola moja ikiwa shilingi 2,500. Deni linaingia kama shilingi 10,000,000. Tarehe 31 Desemba, vitabu vinapofungwa, dola ni 2,540. Deni linapanda hadi 10,160,000 na shilingi 160,000 zinakwenda kwenye hasara ya ubadilishaji ingawa hakuna aliyelipa chochote. Deni linalipwa Januari kwa 2,560, yaani shilingi 10,240,000, na hasara nyingine ya 80,000 inaingia mwaka mpya. Mzigo uliomo ghalani unabaki na gharama ya 10,000,000 muda wote: madeni na fedha taslimu hupimwa upya kila vitabu vinapofungwa, bidhaa hazipimwi hivyo. Programu hufanya hesabu hizi yenyewe, mradi iwe imeonyeshwa akaunti ya kupokea faida na hasara za ubadilishaji.

Mwelekeo wa kiwango nao uangaliwe. Programu nyingine hutaka kujua dola moja ni shilingi ngapi, nyingine shilingi moja ni dola ngapi. Kwa njia ya pili, 2,560 huwa 0.000390625, na programu inayotunza tarakimu nne baada ya nukta itaandika 0.0004, ambayo ni 2,500 ileile ya siku ya ununuzi. Hasara yote ya 240,000 ingefutika kwenye vitabu huku fedha zimekwisha kutoka benki.

Sarafu zinazojulikana huweza kuletewa viwango kwa intaneti kila siku. Sarafu ya kutengeneza haina wa kuiletea: kiwango huandikwa kwa mkono, pamoja na tarehe na chanzo chake, na afadhali kazi hiyo iwe ya mtu mmoja aliyepewa ruhusa. Chanzo kikichaguliwa, iwe benki kuu au benki ya biashara, kisibadilishwe kila bei inapopendeza. Waliokuwa na ZiG walijifunza hili tarehe 27 Septemba 2024, iliposhushwa kutoka takriban 14 hadi takriban 24 kwa dola. Aliyekuwa akiandika kiwango kimoja kwa mwezi mzima alijikuta na mauzo ya siku za mwisho yamepandishwa thamani isiyokuwapo.

Nchi ikikata sifuri, sarafu ya zamani isihaririwe. Januari 2013 Zambia ilibadilisha kwacha 1,000 za zamani kwa moja mpya, na msimbo ukatoka ZMK kuwa ZMW. Mfanyabiashara wa Tunduma mwenye wadaiwa upande wa Nakonde alihitaji kusajili kwacha mpya kama sarafu inayojitegemea, kisha kuhamisha kila salio kwa muamala wa tarehe ya mabadiliko. Anayebadilisha jina tu kwenye sarafu ya zamani hugeuza ankara zote za miaka ya nyuma kuwa kubwa mara elfu.

Sarafu isiyotumika tena huzimwa, haifutwi, maana miamala ya zamani bado inaiegemea. Kabla ya kuizima, akaunti zake zote zifike sifuri kwa pande mbili, kwa sarafu yenyewe na kwa sarafu ya msingi. Mara nyingi upande wa kwanza husoma sifuri huku upande wa pili ukibakiza shilingi chache za makadirio. Hizo huhamishiwa akaunti ya faida na hasara za ubadilishaji, zikiandikiwa maelezo ambayo mkaguzi atayakuta.